Glovu ya Kushoto

Makambako, Ijumaa jioni

Faraja mwanangu,

Jana ulikuwa umepiga magoti mbele ya tranka lako, unakunja sketi, ukaniuliza bila kuinua uso: "Jumamosi nikuite nani?"

Nikakujibu: "Daftari la hesabu umeshaliweka?"

Ulikuwa umeliweka. Ukalitoa ili nilione, ukalipangusa vumbi ambalo halikuwepo, ukalirudisha juu ya sketi. Hukuuliza tena. Wewe huwa huulizi jambo mara mbili, na hilo pia nadhani umelipata kwangu.

Barua hii ni jibu la swali lile. Nimeianza mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta naandika habari za ndoo, sabuni na dawa ya viatu. Hayo umeyasikia wiki nzima. Niliyasema mengi hivyo ili nisipate nafasi ya kusema hili. Sasa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na Bibi yako, aliyekuja kukuaga, yuko jikoni anagombana na mkaa uliolowa. Nina kama saa moja na nusu kabla hujarudi.

Kesho tutapanda gari na Mama Rehema, ambaye meza yake ofisini inatazamana na yangu, pamoja na Rehema wake anayekwenda kuanza kidato cha kwanza shule hiyohiyo ya bweni unayokwenda wewe. Kutoka hapa hadi Njombe, Njombe hadi Iwawa, siku nzima kwenye viti vinavyofuatana. Nyumbani kwa Bibi kule Mdandu unaniita Mama. Hapa Makambako, mbele ya Mama Rehema na mbele ya kila mtu, umeniita Dada kwa miaka minne. Ndiyo maana ulilazimika kuuliza. Mtoto wa miaka kumi na mitatu asingepaswa kuwa na swali kama hilo.

Naomba nianze na glovu, kwa sababu mimi huwa siwezi kuingia katika jambo moja kwa moja.

Unajua ninakufumia glovu za kwenda nazo kwenye baridi ya Iwawa, zile ambazo kidole gumba hukaa peke yake na vinne hukaa pamoja. Ya kulia imekwisha, umeijaribu. Hujui uzi wake umetoka wapi. Ulidhani nimeununua Njombe sokoni. Ule uzi wa bluu ni sweta yangu ya shule. Bibi aliifuma kwa mikono yake nilipofaulu kwenda sekondari, na niliivaa miaka miwili na miezi michache. Siku nilipofukuzwa kwa sababu ya mimba yako niliirudisha nyumbani nimeikunja ndani ya mfuko wa mchele, kama kitu nilichoiba. Bibi hakuitupa wala hakumpa mtu. Mwezi uliopita, majibu yako ya kuchaguliwa yalipotoka, aliitoa sandukuni ikiwa inanuka dawa ya nondo, akaiweka magotini kwangu. Akasema, "Hii sasa ifumue. Mimi vidole vimekataa."

Umekua ukimwona Bibi akinunua sweta za mitumba, akizifumua, akiuosha uzi na kuutundika na jiwe chini ili unyooke. Hivyo ndivyo nilivyoufanyia huo wa kwangu. Siku tatu ulining'inia uani na ukawa unaupita unapokwenda kuchota maji.

Miezi ile niliyokuwa na mimba yako sikutoka nje. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Watu wakija kumsalimia Bibi, "Kamwene, kamwene," mimi nilikuwa nimeshaingia jikoni na kuvuta mlango. Bibi alinikuta huko siku moja akaniwekea mapajani sindano tano, zile ambazo Babu yako alizichonga kutokana na spoki za baiskeli yake na kuzinoa kwenye jiwe la kunolea mundu. "Kama unajificha," alisema, "jifiche ukiwa na kazi."

Glovu hufumwa kwa kuzunguka. Sindano nne hubeba vitanzi, kumi na mbili kila moja, na ya tano ndiyo inayofanya kazi. Hakuna kufika mwisho na kugeuka. Unazunguka tu, kama bomba, na usipofunga kipande cha uzi mwekundu mahali pa kuanzia hujui mzunguko umeisha wapi. Ua la Bibi ni la majani, lile lenye matundu, na linakaa mgongoni mwa mkono. Kiganjani hakuna ua wala tundu, ni wazi kabisa. Kila tundu unalipata kwa kuzungusha uzi juu ya sindano, na ukifanya hivyo kitanzi kimoja kinaongezeka. Kwa hiyo pembeni yake lazima ufume viwili pamoja ili kile kilichoongezeka kipungue. Tundu moja, viwili pamoja. Ukisahau, jani linapinda.

Mimi nilisahau. Nilifika mwisho wa mzunguko nikahesabu, nikapata arobaini na tisa badala ya arobaini na nane. Nilipaswa kufumua mizunguko mitatu nirudi palipoharibika. Sikufumua. Nilingoja Bibi atoke kwenda kulisha nguruwe, nikafuma viwili pamoja kiganjani, pale ambapo ni wazi na hakuna anayetazama. Arobaini na nane. Nikaendelea.

Bibi aliporudi aliichukua glovu, hakuitazama. Aliingiza mkono, akapitisha kidole gumba upande wa ndani.

"Fumua."

"Mama, hesabu iko sawa. Hesabu mwenyewe."

"Hesabu nimeshaiona. Ua liko wapi?"

Nikaitazama mgongoni. Jani la tatu lilikuwa limehama, limelala upande kama mtu aliyesinzia kanisani. Nililia, kwa sababu siku zile nililia kwa lolote. Bibi alikaa akaanza kufumua yeye mwenyewe, polepole, mzunguko baada ya mzunguko, akiimba wimbo wa ibada ya asubuhi. Akanionyesha jambo ambalo hakuwa amenionyesha mwanzo: kila jani moja likikamilika bila kosa, unapitisha uzi mweupe katikati ya vitanzi vyote na kuuacha humo. Ukiharibu huko mbele, unafumua mpaka kwenye uzi mweupe, na hapo vinasimama.

Nilijifunza kufuma vizuri sana, Faraja. Wanawake wanaochuma chai walikuwa wakimwuliza Bibi sokoni Njombe, "Leo umeleta zile za binti?" Lakini ule ujanja wa kiganjani sikuuacha. Niliacha tu kuutumia kwenye glovu.

Ulipofikisha miaka miwili nilianza kusoma tena, nikafanya mtihani nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, nikaenda chuo kusomea utunzaji wa kumbukumbu, nikapata kazi hii ya ukarani wa masjala. Kwenye usaili mmoja wao alishika cheti changu akauliza, "Hii miaka ya katikati ulikuwa wapi?" Nikasema niliugua. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Nikatoka pale nimelowa jasho mgongoni na hapo ilikuwa Julai.

Siku ya kuripoti nilipewa fomu ya taarifa binafsi. Kwenye wategemezi niliandika: mmoja. Jina: Faraja. Tarehe ya kuzaliwa niliiandika ilivyo, siku na mwezi na mwaka. Mbele yake kulikuwa na neno "uhusiano" na mstari mfupi wa nukta. Nikaandika: mdogo wangu. Unatumia ubini wa Babu kama mimi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Naandika haya kwa mwandiko uleule, na kwa mara ya kwanza naona jinsi ulivyo mzuri.

Wewe ulikuwa Mdandu kwa Bibi. Nilijiambia kwamba ni karatasi tu.

Halafu Bibi akaanza kuumwa vidole na magoti, ikakubaliwa uje usome huku. Ulikuwa na miaka tisa. Mlifika na gari la asubuhi, na kwa kuwa Mama Rehema na wengine walikuwa wameagiza glovu, mkapitia ofisini kwanza. Ulitangulia wewe na mfuko wa glovu. Nilikusikia kabla sijakuona, viatu vyako vipya kwenye sakafu. "Mama! Mama, Bibi kaleta glovu!"

Mama Rehema akaweka kalamu chini. "Heee! Tumaini! Una mtoto mkubwa hivi?"

Nilicheka. Nataka ujue kwamba nilicheka, kwa sababu nimejaribu mara nyingi kuikumbuka siku ile bila hicho kicheko na hakitoki. "Mtoto wapi!" nikasema. "Huyu mdogo wangu, kitindamimba wa mama. Mimi ndiye ninayemsomesha, basi kazoea kuniita hivyo."

Ulinitazama. Haikuwa muda mrefu. Kisha ukasema, kwa sauti ya mtoto anayesoma kilichoandikwa ubaoni: "Dada, Bibi kaleta glovu."

Sikukufundisha. Sikukukonyeza. Ulielewa peke yako kwamba mama yako anahitaji kusaidiwa, ukamsaidia, ukiwa na miaka tisa na mfuko wa glovu mkononi.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nguzo kwa sababu ya magoti. Alisikia yote. Aliingia, akaitikia salamu za watu, akatoa glovu jozi moja moja na kuziweka mezani. Mama Rehema alijaribu za kwake, akanyoosha mikono juu akizungusha. "Bibi, umetufanya maharusi!" Bibi akacheka naye. Nilipomsindikiza nje alinishika mkono juu ya kiwiko, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umefuma viwili pamoja kiganjani." Akapanda gari la kurudi Mdandu bila kula.

Tangu hapo hatukulizungumza, wewe na mimi. Nilidhani ningekueleza jioni ile. Jioni ulikuja kuniuliza kama chumvi inatosha kwenye mboga, ukaanza sentensi bila kuniita jina lolote. Baadaye ikawa hivyo ndani ya nyumba: huniiti Mama, huniiti Dada, unakuja mpaka karibu ndipo unaanza kusema. Majirani wanakusifu kwamba una adabu, hupazi sauti. Mimi najua kwa nini hupazi sauti. Ili mtu apaze sauti kwenye nyumba lazima awe na jina la kumwita aliye chumba cha pili.

Kuna siku nilikagua madaftari yako nikakuta insha, "Mama Yangu". Mwalimu alikuwa amekupa alama nzuri. Uliandika: Mama yangu anafanya kazi mbali. Nililirudisha daftari kwenye begi na kamba yake nikaifunga jinsi ulivyokuwa umeifunga.

Na mahafali ya darasa la saba. Hilo ndilo linaloniamsha. Mshereheshaji aliita majina, na kila mtoto akiitwa mama yake alikuwa anatoka kwenye viti akicheza, anakwenda kumtunza mwanawe mbele ya watu. "Mama Faraja! Mama Faraja yuko wapi? Njoo umtunze mwanao!" Nilikuwa nimeshika kitenge kipya nilichokununulia, kimekunjwa, kiko magotini. Mama Rehema alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwangu. Nikatazama mbele kama watu wengine wanaotafuta ni nani aliyeitwa.

Aliyesimama ni Bibi. Alikichukua kile kitenge mapajani kwangu bila kunitazama, akaenda akiburuza mguu, peke yake, kwenye uwanja wote ule, na muziki ukamngoja. Akakuvika mabegani. Watu walipiga vigelegele kwa sababu ya umri wake. Wewe ulikuwa unatabasamu, na macho yako yalikuwa yanatazama viti, kiti kwa kiti, mpaka yakanifikia, yakapita.

Faraja, sikuwa ninakuonea haya wewe. Najua haliaminiki, na ningekuwa wewe nisingeliamini. Nilikuwa ninamwonea haya yule msichana aliyerudi na sweta ndani ya mfuko wa mchele. Nilidhani nikikutaja wewe, watamwona yeye. Lakini aliyefichwa miaka yote hiyo hakuwa yeye. Ulikuwa wewe, na ulikuwa mzima, unakua, unabadilisha namba za viatu.

Jana, baada ya swali lako na lile jibu langu la daftari, ulikwenda kulala na mimi nikakaa na glovu ya kushoto. Nilikuwa nimefika jani la pili. Mikono ilikuwa inafuma, mawazo yangu yako kwako. Nilipofika kwenye uzi mwekundu nikahesabu. Arobaini na tisa.

Unajua nilifanya nini? Nilizungusha sindano mpaka kiganjani. Sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, ikaingiza ncha kwenye vitanzi viwili, na nilikuwa nimeshavuta uzi nilipoitazama. Mwanamke wa miaka thelathini, peke yake chumbani, hakuna Bibi, hakuna msaili, hakuna mtu wa kumdanganya. Na bado.

Niliichomoa sindano. Nilifumua mpaka kwenye uzi mweupe, nikafuma upya mpaka kikabaki kidole gumba. Ndiyo maana hukuikuta imekwisha asubuhi, ukaniuliza kwa macho nami nikasema uzi ulijifunga.

Leo ofisini Mama Rehema aliniambia, "Lete fomu ya mtoto niiweke pamoja na ya Rehema, bahasha moja, tusije tukahangaika kesho." Ile fomu ya shule ina sehemu ya mzazi au mlezi, na mbele yake neno lilelile na nukta zilezile. Nilikuwa nimeshaijaza kwa wino tangu asubuhi na kuilaza chini ya mashine ya kubana karatasi. Ilikaa hapo mpaka karibu saa sita. Alipoiomba mara ya pili nikampa.

Yeye ni karani. Husoma kila karatasi inayopita mkononi mwake.

"Tumaini."

"Abee."

"Hapa umeandika Mama."

"Ndiyo."

"Umekosea au umeandika?"

"Nimeandika."

Aliiingiza kwenye bahasha, akalamba ule ulimi wa bahasha wenye gundi, akaubana kwa kiganja muda mrefu kuliko gundi inavyohitaji. Nilingoja acheke, au aite wengine. Akasema, "Siku ile mtoto alivyoingia na ule mfuko nilijua kabla hujafungua mdomo. Anakanyagia upande wa nje wa mguu kama wewe. Hata mama anayetuletea chai alijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mwenye mtoto kasema si wake, mimi ni nani wa kumbishia? Tulisubiri useme. Halafu tukazoea." Akavuta faili lake, akalifungua, akalifunga. "Mimi nilikuwa namwonea huruma yule mtoto. Kila akija hapa anasimama mlangoni kwanza. Anatafuta neno."

Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga.

Kwa hiyo sasa unajua. Nilikufanya ubebe kitu kizito kwa miaka minne ili kisionekane na watu ambao walikuwa wanakiona. Sikuweza kukitazama hicho kwa muda mrefu pale chooni na siwezi kukitazama sasa. Nimekiandika tu ili kiwepo.

Jioni, watu walipoondoka, nilitoa faili langu. Mafaili ya watumishi ninayatunza mimi, funguo ninazo mimi. Ile fomu ni karatasi moja. Ningeweza kujaza nyingine, kuitoboa matundu mawili pembeni, kuiweka, na ile ya zamani kuichana. Hakuna ambaye angejua mpaka nastaafu. Nililishika kwa muda. Kisha nikalirudisha kama lilivyo, nikaandika barua kwa mkuu wangu, kwamba taarifa niliyotoa haikuwa ya kweli na naomba irekebishwe. Hayupo mpaka Jumatatu. Barua iko kwenye pochi yangu. Naogopa, Faraja. Wanaweza kuniita nijieleze. Nimeshaipanga ile sentensi ya kwanza kama mara ishirini. Lakini nitaipeleka.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Bibi, uani, kabla hujarudi kutoka dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kile kipepeo cha mkaa.

"Umechelewa kufumua," akasema. "Uzi utakuwa na mikunjo."

"Si utanyooka, Mama?"

"Utanyooka. Lakini si leo." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimejaribu kutafuta ushauri wa kukupa, maana mzazi anayeandika barua anatarajiwa awe nao. Ninao mmoja tu, na sina haki nao. Huko utakosea. Sijui utakosea nini, na sitaki kukukadiria. Ukikosea, nadhani mikono yako itataka kwenda pale ambapo ni wazi na hakuna anayetazama, kwa sababu umelelewa na mtu mwenye mikono hiyo. Ikienda, usijichukie. Itazame tu. Halafu nipigie simu kwa mwalimu wa zamu, saa yoyote, na useme sentensi moja hata isiyo na mwanzo wala mwisho. Sitakuuliza daftari liko wapi.

Na kama kosa litakuwa ni langu mimi, kama ukifika huko ukagundua una hasira na mimi kuliko ulivyodhani, niandikie hilo pia. Usinisaidie tena. Ulinisaidia ukiwa na miaka tisa na imetosha.

Sasa swali lako.

Kesho uniite utakavyoweza. Kama mdomo umezoea Dada, sema Dada, nitaitika, na sitafanya sura ya kuumia mbele za watu ili unionee huruma. Kama utakuja karibu na kuanza kusema bila jina, sawa. Jina nililichukua mimi na kulirudisha ni kazi yangu. Si lazima unisamehe kabla ya Njombe kwa sababu tu kesho ni siku ya safari.

Nitakuambia mimi nitafanya nini, ili usishtuke. Glovu ya kushoto bado haina kidole gumba. Vitanzi vyake viko kwenye uzi mweupe, vinangoja. Nitaimalizia garini. Bibi amenisikia nikisema hivyo akaguna kutoka jikoni: "Na spoki zile? Utamtoboa dereva." Nitakaa kiti cha dirishani, wewe pembeni yangu, Mama Rehema nyuma yetu na Rehema wake. Barabara ni nzuri, na hata ikitikisa, mizunguko ya kidole gumba ni michache. Tukikaribia Njombe nitakuwa nimefika pale ambapo siwezi kukisia urefu, lazima nipime.

Hapo nitasema kwa sauti ya kawaida, ya kusikika mpaka viti vya nyuma: "Mwanangu, lete mkono."

Wewe lete tu mkono.

Mimi niliyeitwa siku ile nikabaki kitini,

Mama Faraja